Protini Hii Haikutoka Sahanini: Jinsi ya Kusoma Majibu ya Damu ya Mayeloma

Karatasi ya maabara ikifika nyumbani, mstari wa kwanza kusomwa ni ule wenye alama ya H pembeni. Protini jumla: juu. Kikao cha familia kinafanyika palepale. Shangazi anasema nyama ikome. Mwingine anaongeza maharage, mayai na maziwa. Mgonjwa, ambaye tayari amepungua kilo na mgongo haumpi usingizi, anaanza kula ugali kwa mchicha mtupu kwa sababu watu wanaompenda wamesoma neno "protini" wakadhani ni ile ya sahanini.

Naanzia hapo kwa makusudi, maana kosa hilo linaumiza na linaepukika. Protini inayohesabiwa kwenye karatasi ile haikutoka kwenye chakula. Imetengenezwa ndani ya mifupa yake mwenyewe, na seli zilizoasi. Kumnyima maharage hakuipunguzi hata gramu moja, kunampunguza yeye. Aliyeelekezwa na daktari wa figo apime kiasi cha protini anachokula, huyo afuate alivyoelekezwa, ila hiyo ni habari nyingine na sababu yake ni nyingine.

Basi protini hiyo ni ipi? Mayeloma ni saratani ya seli za plazma, zinazoishi kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Kazi ya seli hizi ni kutengeneza kingamwili. Fikiria mtaa mzima wa mafundi cherehani. Kila fundi ana mshono mmoja tu: huyu anashona shati la kuzuia surua, yule la pepopunda, wa tatu la mafua yaliyopita mwaka juzi. Mashati hayo ndiyo kingamwili, ambazo maabara huziita imunoglobulini. Kila shati lina kiwiliwili na mikono. Kiwiliwili ni mnyororo mzito, nao una aina tano: G, A, M, D na E. Ndiyo maana karatasi husema IgG, IgA, IgM. Mikono ni minyororo myepesi, na aina zake ni mbili tu, kapa na lamda. Fundi aliyeanza na mikono ya kapa atashona kapa mpaka mwisho wa maisha yake; hachanganyi.

Kwa mtu mwenye afya mafundi ni wengi na mishono ni mingi, kwa hiyo damu yake ni kama soko la mitumba: kila shati lina sura yake. Kwenye mayeloma fundi mmoja anaharibika. Anazaliana, na watoto na wajukuu wake wote wanashona shati lilelile usiku na mchana bila mtu kuagiza. Shati hilo ndilo protini M. Herufi hiyo ni ya neno monokloni, yaani la ukoo mmoja. Baadhi ya madaktari huliita paraprotini. Vipimo vyote vya protini vinavyofuata vinauliza maswali mawili: shati hilo lipo, na ni mangapi?

Hesabu ya kutoa

Tuchukue mfano wa kutunga, tumfuate mpaka mwisho. Mama wa miaka 61, mgongo unamuuma kwa miezi, anachoka akipanda ngazi. HB yake ni 8.4. Protini jumla, inayoandikwa TP, ni gramu 108 kwa lita, wakati kawaida ni kama 60 hadi 80. Albumini, protini ya kawaida ya damu inayotengenezwa na ini, ni 30, wakati kawaida ni 35 hadi 50.

Toa 30 kwenye 108. Inabaki 78. Hiyo ndiyo globulini, kundi la protini ambamo kingamwili zimo, na kwa kawaida huwa kati ya 20 na 35 hivi. Kuna kitu kinachomjazia damu, na kimejulikana kwa vipimo viwili vya bei nafuu ambavyo hata hospitali nyingi za wilaya zinavyo, pamoja na hesabu ya darasa la pili. Napenda kipimo hiki kuliko vingi vinavyosifiwa. Mtu aliyevuka miaka 50, mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha na damu iliyopungua bila sababu, anastahili kufanyiwa hesabu hiyo ya kutoa kabla hajaandikiwa dozi ya tatu ya dawa za maumivu, na kabla hajaanzishiwa dawa za kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa kukisia.

Lakini globulini ikiwa juu usikimbilie kusema mayeloma. Kwetu Afrika Mashariki sababu za kawaida zaidi ni maambukizi ya muda mrefu na magonjwa ya ini: virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, kichocho, homa ya ini, kala-azar kwa wanaoishi maeneo yake. Hapo mtaa mzima umepata kazi. Mafundi wote wanashona kwa pamoja, kila mmoja mshono wake. Jumla inapanda, ukoo mmoja haujatawala.

Kinyume chake nacho kipo, na ndicho cha hatari. Kuna mayeloma ambayo mafundi wake hawashoni viwiliwili kabisa, wanatoa mikono mitupu. Mikono hiyo inapita kwenye figo na kuondoka, hivyo protini jumla inaweza kuwa ya kawaida, hata ya chini. Kwa hiyo TP nzuri haimfuti mgonjwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa.

Albumini ya chini nayo husomwa vibaya. Haimaanishi lazima kwamba mama hali vizuri. Ugonjwa wenyewe huliamuru ini lipunguze kutengeneza albumini, na figo zilizoharibika huweza kuivujisha kwenye mkojo. Madaktari huitumia kupanga hatua ya ugonjwa pamoja na beta-2 mikroglobulini, protini ndogo inayopanda mzigo wa saratani unapokuwa mkubwa au figo zinapolegea. Chini ya miligramu 3.5 kwa lita na albumini 35 au zaidi ni hatua ya kwanza, kuanzia 5.5 ni ya tatu. Waliobaki ni wa pili. Albumini pia inabadilisha maana ya kalsiamu. Sehemu kubwa ya kalsiamu husafiri imeishikilia albumini, kwa hiyo albumini ikishuka, kalsiamu huonekana ya chini kuliko ilivyo kweli. Kwa kila gramu ya albumini inayopungua chini ya 40, ongeza milimoli 0.02 kwa lita kwenye kalsiamu. Mama yetu ana kalsiamu 2.60, inaonekana haina shida. Albumini yake imepungukiwa gramu 10, kwa hiyo ongeza 0.20. Inakuwa 2.80, na hiyo ni juu.

Kabla hatujaendelea, angalia vipimio. Maabara moja huandika gramu kwa lita, nyingine gramu kwa desilita. Albumini 30 na albumini 3.0 ni kitu kilekile. Kwenye minyororo myepesi ni hivyohivyo: miligramu 64 kwa desilita ni 640 kwa lita. Familia zimelia kwa furaha na zimelia kwa hofu kwa sababu ya nukta iliyohama, wakati ugonjwa ulikuwa palepale.

Mnara na kilima

Sasa twende kwenye kipimo kinachotenganisha mtaa mzima wenye kazi na ukoo mmoja ulioasi: elektroforesisi. Kwenye karatasi huandikwa SPEP. Damu huachwa igande, yale maji ya juu, seramu, huchukuliwa na kupitishiwa umeme. Protini zinakimbia, kila aina kwa kasi yake. Mswidi Arne Tiselius aliunda mtambo wa kwanza mzuri wa kazi hiyo mwaka 1937, akapewa Nobeli mwaka 1948.

Mchoro unaotoka una vilima vitano. Cha kwanza na kirefu kuliko vyote ni albumini. Kisha alfa 1, alfa 2 na beta, vidogo vidogo. Mwisho ni gama, makazi ya kingamwili nyingi. Kwa mtu mwenye afya gama ni kilima kipana cha chini, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, kwa sababu mashati yako ya kila aina na kila moja limefika kwa wakati wake. Mwenye maambukizi ya muda mrefu, kilima kinavimba lakini kinabaki kipana. Mwenye mayeloma, hapohapo kwenye gama unasimama mnara mwembamba, mrefu, kama mnara wa simu katikati ya mashamba. Mashati yanayofanana kabisa hukimbia kwa kasi moja na kufika pamoja. Mashine hupima eneo lililo chini ya mnara huo na kutoa namba. Ya mama yetu ni gramu 54 kwa lita. Hiyo ndiyo protini M yake, na kuanzia leo ndiyo namba inayomhusu kuliko ile 108.

Mnara una hila zake. Protini M ya aina ya IgA mara nyingi haisimami kwenye gama. Hujificha ndani ya kilima cha beta, na msomaji mwenye haraka huipita. Damu ikiwekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, protini ya kugandisha damu inayoitwa fibrinojeni hubaki humo na kuonekana kama mnara mdogo kati ya beta na gama. Mtu anaweza kutangaziwa protini M asiyokuwa nayo kwa sababu ya rangi ya kifuniko cha chupa. Kama mnara ni mdogo na umekaa mahali hapo, kuuliza sampuli ilichukuliwa kwenye chupa gani si utovu wa adabu.

Baada ya kuuona mnara, lazima upewe jina. Kipimo cha imunofiksesheni hutumia dawa zinazoshika kila aina ya kiwiliwili na kila aina ya mkono, na mkanda mweusi unatokea pale zinapokutana. Mkanda kwenye G na mkanda kwenye kapa: jina ni IgG kapa. Karibu nusu ya wagonjwa wana IgG, kama mmoja kati ya watano ana IgA, na wasiozidi mmoja kati ya watano wana minyororo myepesi mitupu. IgD ni nadra. IgM ni nadra zaidi kwenye mayeloma, na ikionekana daktari hufikiria kwanza ugonjwa mwingine wa damu. Wapo pia wachache ambao mafundi wao hawatoi kitu chochote kinachopimika nje ya kiwanda. Hao karatasi za damu haziwasemei, hufuatiliwa kwa uboho na picha.

Jina hili halibadiliki ovyo. Aliyeanza na IgG kapa atafuatiliwa IgG kapa. Ukiona jina jipya miezi baadaye, uliza. Mara nyingi ni jambo dogo: baada ya matibabu makali mafundi wazima wanaporudi kazini huweza kuacha mikanda myembamba ya muda. Dawa ya daratumumab, ambayo yenyewe ni kingamwili ya IgG kapa iliyotengenezwa kiwandani, huonekana kwenye kipimo kama mkanda wa IgG kapa, na humchanganya mgonjwa kama mama yetu ambaye ugonjwa wake una jina hilohilo. Maabara ijulishwe kama anatumia dawa hiyo.

Pembeni ya mnara karatasi huweza kuonyesha kiasi cha IgG, IgA na IgM kwa ujumla. IgG ya mama imesomeka 61 ilhali protini M ni 54. Hakuna aliyekosea. Ni mashine mbili zenye njia mbili, na ile ya kwanza inahesabu pia mashati machache mazuri ya IgG yaliyobaki. Usichukue 54 ya Januari ukailinganisha na 61 ya Machi ukasema ugonjwa umepanda.

Kinachonisikitisha zaidi kwenye mistari hiyo ni ile miwili ya chini: IgA 0.4, IgM 0.2. Zote ziko chini ya kawaida. Ukoo ulioasi umewabana mafundi wengine, mtaa hauna tena anayeshona la nimonia. Kwa hiyo mwili wa mama umejaa kingamwili na bado hauna kinga. Homa kwa mtu huyu si ya kununulia dawa ya malaria dukani na kusubiri asubuhi. Ni ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Mikono isiyo na shati

Hata mafundi wazima hushona mikono mingi kidogo kuliko viwiliwili, kwa hiyo kila mtu ana minyororo myepesi michache inayoelea peke yake kwenye damu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara zinaweza kuihesabu. Kwa kipimo kinachotumika sana, kawaida ya kapa ni miligramu 3.3 hadi 19.4 kwa lita, lamda 5.7 hadi 26.3, na uwiano, yaani kapa gawanya kwa lamda, ni 0.26 hadi 1.65. Kuna kampuni zaidi ya moja zinazotengeneza vitendanishi hivi na namba zake hazilingani, kwa hiyo linganisha na kiwango kilichochapwa kwenye karatasi yako.

Kapa ya mama ni 640. Lamda ni 8. Gawanya: uwiano ni 80.

Uwiano una nguvu kwa sababu unatambua upendeleo. Kwenye maambukizi, mikono ya aina zote mbili huongezeka pamoja. Figo zikichoka, zote mbili hubaki kwenye damu. Mzee mwenye figo dhaifu anaweza kuwa na kapa 62 na lamda 40, zote zina alama ya H, watoto hawalali. Gawanya: 1.55. Hakuna ukoo uliojipendelea. Tena kwa wenye figo dhaifu kiwango cha uwiano kimezoeleka kupanuliwa kuwa 0.37 hadi 3.1, kwa kuwa figo zilizochoka huacha kapa nyingi zaidi nyuma.

Uwiano huohuo unadanganya kwa njia tatu, na zote nimeona zikiwachosha watu bure. Mgonjwa wa lamda ana uwiano unaoshuka, haupandi. Kwake 0.01 ni nzito kama 100 ilivyo nzito kwa mgonjwa wa kapa, na kushangilia "imeshuka mpaka sifuri nukta sifuri moja" ni kushangilia kinyume. La pili, matibabu yanaweza kuwabana mafundi wazuri pia. Kapa ikawa 15, ya kawaida kabisa, na lamda 2 kwa sababu ya dawa. Uwiano unaruka hadi 7.5. Ugonjwa haujarudi, kigawanyo ndicho kilichopungua. La tatu, kigawanyo kidogo hufanya uwiano uyumbe kwa kitu kidogo sana: kapa 640 ikigawanywa kwa 8 ni 80, kwa 6 ni zaidi ya 106, na saratani ni ileile. Ndiyo maana kwa kufuatilia matibabu madaktari hutazama zaidi kiasi cha mnyororo wenyewe, na tofauti kati ya ule mbaya na ule mzuri. Kwa mama ni 640 kutoa 8, yaani 632.

Namba hiyo inaongea moja kwa moja na figo zake. Mikono mitupu ni midogo, inapita kwenye chujio la figo. Ikiwa mingi hushikamana na protini ya figo yenyewe na kuziba vijifereji kwa ndani. Hatari hiyo huonekana hasa mnyororo mbaya unapopita miligramu 500 kwa lita. Kwa mgonjwa wa namna hii diklofenaki na ibuprofeni, zile zinazouzwa kila duka la dawa kwa maumivu ya mgongo, zinaweza kuzimalizia figo. Huwa nasema hili kwa sauti kila ninapopata nafasi, kwa sababu maumivu ya mgongo ndiyo yaliyompeleka dukani tangu mwanzo. Dawa ya maumivu achaguliwe na daktari anayejua namba zake. Na anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama ameambiwa apunguze kwa ajili ya moyo au figo.

Mkojo uliomshangaza daktari

Mikono hii ilijulikana kwenye mkojo zaidi ya miaka mia kabla ya kujulikana ni nini. Mwaka 1845, London, mfanyabiashara wa vyakula mwenye maumivu makali ya kifua na mgongo alitoa mkojo wa ajabu: ukipashwa moto unakuwa mzito, ukichemka unakuwa mwangavu tena, ukipoa unaganda upya. Waganga wake waliupeleka kwa mkemia na daktari Henry Bence Jones wakiuliza ni kitu gani. Mgonjwa alifariki mwanzoni mwa 1846. Jina la Bence Jones likabaki kwenye karatasi za maabara hadi leo. Mwaka 1956 Korngold na Lipari waligawa protini hizo makundi mawili, na herufi za kwanza za majina yao ndizo zilizozaa kapa na lamda. Mwaka 1962 Edelman na Gally wakaonyesha kwamba protini ya Bence Jones ni mnyororo mwepesi wa kingamwili.

Faida yake kwako ni hii: kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinaona albumini vizuri, minyororo myepesi hakiioni vizuri. Mkojo unaweza kuwa na povu kama la sabuni na kijiti kikasema hakuna protini. Kipimo chenyewe ni mkojo wa saa 24 unaokusanywa kwenye galoni, kisha elektroforesisi na imunofiksesheni ya mkojo huo. Ni kazi ya usumbufu, na wengi huacha mkojo wa usiku. Ukikosekana huo wa usiku, hesabu yote imepungua.

Kuwa nayo si kuumwa nayo

Watu wengi wana protini M na hawana mayeloma. Ikiwa chini ya gramu 30 kwa lita, seli za plazma kwenye uboho hazijafika asilimia 10, na hakuna kiungo kilichodhurika, hali hiyo madaktari huiandika MGUS. Inakuwa ugonjwa kamili kwa takriban mtu 1 kati ya 100 kila mwaka. Haitibiwi, inapimwa. Sisi watu weusi tunayo zaidi: Marekani imeonekana kwa Wamarekani weusi karibu maradufu ya weupe, na wanaume wa Ghana wa miaka 50 hadi 74, katika utafiti uliochapishwa 2007, walikuwa nayo karibu 6 kati ya 100.

Kwa hiyo namba ya protini peke yake haimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa mayeloma. Kinachohitajika ni seli za plazma kuanzia asilimia 10 kwenye uboho, au uvimbe wa seli hizo uliothibitishwa, pamoja na madhara: kalsiamu juu, figo kushindwa, HB chini ya 10, au mfupa uliotobolewa. Mwaka 2014 wataalamu wa kimataifa waliongeza alama nyingine tatu ambazo hata bila madhara zinatosha kuanza dawa: seli za plazma kufika asilimia 60, uwiano wa mnyororo mbaya kwa mzuri kufika 100 huku ule mbaya ukiwa angalau miligramu 100 kwa lita, au zaidi ya sehemu moja ya mfupa iliyoharibika kwenye picha ya MRI. Mama yetu ana HB 8.4 na kalsiamu 2.80. Hakuhitaji alama za ziada.

Kushuka, na kupanda kunakohesabika

Ameanza dawa. Baada ya wiki tatu kapa imeanguka hadi 210, lakini protini M bado ni 45, na watoto wanauliza mbona dawa haifanyi kazi. Inafanya. Minyororo myepesi huondoka kwenye damu kwa saa chache tu. IgG, nusu yake huchukua karibu siku 21 kuondoka hata kama kiwanda kingefungwa leo. IgA huchukua kama siku 6. Mwenye IgG anahitaji subira ambayo mwenye lamda tupu haihitaji.

Miezi minne baadaye protini M ni 20. Kutoka 54, imepungua asilimia 63. Ikishuka kwa nusu au zaidi madaktari huita mwitikio wa sehemu. Mwezi wa nane ni 5: asilimia 90 imevukwa, mwitikio mzuri sana. Ingetoweka hata kwenye imunofiksesheni, na uboho ukabaki na seli za plazma chini ya asilimia 5, ungekuwa mwitikio kamili. Huo nao hauna maana ya kupona. Ni kwamba mafundi waliobaki wamekuwa wachache kuliko uwezo wa kipimo.

Kisha inakuja siku ambayo familia nyingi huivunjikia moyo. Mwezi wa kumi na nne protini M ni 7. Mtoto anapiga hesabu kwenye simu: imepanda asilimia 40! Ila kanuni ya kusema ugonjwa umerudi ina masharti mawili kwa pamoja: kupanda kwa robo au zaidi kutoka namba ya chini kabisa aliyowahi kuifikia, na kupanda huko kuwe angalau gramu 5 kwa lita. Kutoka 5 kwenda 7 ni gramu 2. Angefika 10, na kipimo cha kurudia kikathibitisha, hapo mazungumzo yangebadilika. Gramu moja au mbili huweza kutoka kwenye mkono wa anayechora mipaka ya mnara kwenye kompyuta. Ndiyo maana inafaa sana kupima maabara ileile kila mara, hata kama nyingine iko karibu na kituo cha basi. Siyo kila mji una elektroforesisi, na kipimo cha minyororo myepesi mara nyingi sampuli husafirishwa mbali. Ukibadilisha maabara kwa lazima, ichukulie namba ya kwanza ya huko kuwa mwanzo mpya.

Kuna daftari ambalo ningependa kila familia iwe nalo, la kawaida la kurasa 48. Tarehe, maabara, protini M, mnyororo mbaya, mnyororo mzuri, kreatinini (kipimo cha figo), kalsiamu iliyorekebishwa, HB. Safu moja kwa kila ziara, na pembeni nafasi ya kuandika alikuwa na homa au alibadilishiwa dawa. Daktari mpya akifungua daftari hilo anaona miaka miwili kwa dakika moja. Ukurasa wa kwanza wa daftari la mama yetu ungekuwa na mstari mmoja juu kabisa, kwa herufi kubwa: IgG kapa, protini M 54, gramu kwa lita, Januari.